Jinsi ya Kupima Kituo cha Habari Kinacholipwa na Serikali

Katika kikundi chetu cha wasomaji hapa Kisumu, swali la kama KBC, BBC, DW au CGTN ni vyombo vya kuaminika au ni propaganda tupu huibuka mara kwa mara, na kwa kawaida hujibiwa kwa hasira kabla ya mtu yeyote kusikiliza taarifa moja hadi mwisho. Hivi karibuni nilikaa na mwalimu mstaafu wa Nyalenda ambaye husikiliza Mayienga FM asubuhi na DW jioni, na ambaye alishangaa kujua kwamba vituo vyote viwili hulipwa na serikali: Mayienga ni ya KBC, shirika la utangazaji la serikali ya Kenya, kama zilivyo Ingo FM na Minto FM, na DW hulipwa na walipa kodi wa Ujerumani. Hatua zifuatazo ndizo tulizozifuata pamoja. Mnahitaji redio au televisheni, daftari la mistari na kalamu. Sishauri mtegemee vipande vya video vinavyosambazwa kwa simu, kwa sababu kipande hakionyeshi kilichotangulia wala kilichofuata, na kipimo chote hiki kinategemea taarifa nzima ya habari.

Hatua ya kwanza: Tambueni anayelipa, kisha anayeweza kufukuza

Jina la mlipaji hupatikana upesi, na wengi huishia hapo. BBC World Service huendeshwa kwa ada ya leseni wanayotoa Waingereza pamoja na ruzuku ya Wizara yao ya Mambo ya Nje. DW hupata fedha zake katika bajeti ya shirikisho la Ujerumani, lakini ina sheria yake na baraza lake la utangazaji. CGTN, televisheni ya China ya kimataifa, imo ndani ya China Media Group, ambalo tangu 2018 limewekwa chini ya idara ya uenezi ya Chama cha Kikomunisti. Al Jazeera ilianzishwa mwaka 1996 kwa fedha za Qatar. KBC huongozwa na sheria ya mwaka 1989, iliyotungwa wakati wa chama kimoja, ingawa juu yake sasa kipo Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010, kinachotaka vyombo vya dola viamue vyenyewe maudhui yao, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana.

Swali lenye uzito zaidi ni hili: serikali ikikasirika, nani hupoteza kazi, na kwa utaratibu gani? Mwaka 2004, baada ya ripoti ya jaji Hutton kuikosoa BBC kuhusu habari zake za vita vya Iraki, mwenyekiti wake Gavyn Davies na mkurugenzi mkuu Greg Dyke waliondoka. Kwa hiyo hata ukuta imara kati ya serikali na wahariri hutikisika, lakini habari iliyoiudhi serikali ilikwisha kutangazwa, na mabishano yake yalifanyika hadharani. Mahali ambapo mhariri huondolewa kimyakimya, au ambapo habari ya namna hiyo haiwezi kamwe kufika hewani, mambo ni tofauti kabisa.

Wala msivisamehe vituo vya binafsi kipimo hiki. Vingi hapa Kenya vimeishi kwa matangazo ya biashara kutoka serikalini, na mwezi Machi 2024, wizara na mashirika ya umma yalipoagizwa yapeleke matangazo yao KBC pekee, kila mtu aliona jinsi kamba hiyo inavyoweza kuvutwa.

Hatua ya pili: Chagueni mada inayomuuma mlipaji

Kwa CGTN, chagueni mkopo wa China wa reli ya SGR, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019 na kukomea huko kwa miaka huku Kisumu ikiisubiri. Kwa BBC, wanajeshi wa Uingereza walioko Nanyuki. Kwa Al Jazeera, wafanyakazi wahamiaji nchini Qatar, wakiwamo vijana wetu. Kwa DW, silaha ambazo Ujerumani huiuzia Israeli. Kwa KBC, maandamano ya vijana.

Hatua ya tatu: Tafuteni kisichosemwa

Hapa ndipo muda wote hupotelea, kwa sababu uongo unaweza kuunukuu, lakini kimya hakina maneno ya kunukuu. Gawanyeni ukurasa wa daftari katika safu nne: tukio, dakika iliyopewa, nani alisikika kwa sauti yake mwenyewe, na nani alitajwa tu bila kusikika. Safu hizo mbili za mwisho ndizo zenye faida kubwa. Taarifa inaweza kutaja kwamba wazazi wa waliouawa wanalalamika, kisha ikampa msemaji wa polisi sekunde arobaini za kueleza, na kila neno lililotamkwa likawa sahihi.

Mfano ninaoutumia siku zote ni wa tarehe 30 Desemba 2007. Baada ya vurugu kuzuka katika ukumbi wa KICC, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi mbele ya kamera za KBC, bila vyombo vingine. KBC haikudanganya kuhusu tukio lenyewe: tangazo lilitolewa, na maneno yalikuwa ya Kivuitu. Kilichokosekana ni jicho la pili chumbani na mtu wa kuuliza swali, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja mara baada ya hapo. Hapa Kisumu tunajua siku zilizofuata zilivyokuwa. Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilisema baadaye kwamba uchaguzi ule ulivurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda.

Kabla hamjaandika neno "wamenyamaza", hata hivyo, zingatieni mambo kadhaa. Subirini angalau siku tatu, kwa kuwa idhaa yenye mwandishi mmoja kwa kanda nzima huchelewa bila nia mbaya. Sikilizeni lugha zote mnazozielewa, kwa maana idhaa ya Kiswahili na ile ya Kiingereza za kituo kimoja zina wahariri tofauti, na habari iliyokosekana huku huenda ilipewa nafasi kubwa kule. Angalieni kama kuna amri ya mahakama inayozuia kesi kuzungumziwa. Msichukulie kwamba kituo kimenyamaza wakati kimezimwa: tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park, serikali ilizima NTV, KTN na Citizen, na tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome hadi Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

Mwisho, msilinganishe kituo na kituo pekee. Linganisheni na maandishi asilia: Hansadi (kumbukumbu za mijadala) ya Bunge, Gazeti Rasmi, na hukumu zilizochapishwa na Kenya Law, ambazo husomwa bure. Mimi huzithamini kurasa hizo kuliko tovuti yoyote ya kukagua ukweli, kwa sababu hapo hakuna mtu aliyenichagulia la kusoma.

Hatua ya nne: Pigieni mstari majina ya vitu

"Waandamanaji" au "wahuni"? "Vita" au "operesheni maalumu ya kijeshi", kama vituo vya Urusi vilivyoviita vita vya Ukraine tangu 2022? Andikeni, mwendelee.

Hatua ya tano: Toeni hukumu kwa mada, si kwa kituo

Hatukumpa mwalimu orodha ya vituo vizuri na vibaya. Kituo huwa huru zaidi pale ambapo maslahi ya mlipaji hayaguswi. Ndiyo sababu wachunguzi wa BBC waliweza, mwaka 2025, kuwatambua askari waliowapiga risasi waandamanaji nje ya Bunge la Kenya tarehe 25 Juni 2024, na ndiyo sababu mtu anaweza kuiamini CGTN kuhusu ukame wa Turkana bila kuiamini kuhusu Xinjiang, eneo la China yenyewe. Katika daftari lake, mwalimu sasa ana ukurasa mmoja kwa kila mada, na chini ya kila ukurasa majina mawili ya vituo vyenye walipaji tofauti. KBC imo katika kurasa za kilimo, mitihani na mafuriko, na haimo katika ukurasa wa uchaguzi.

Rudieni kipimo kila bodi inapobadilishwa, sheria inaporekebishwa au bajeti inapokatwa. VOA, idhaa ya serikali ya Marekani, ilikuwa na kanuni ya uhuru wa uhariri iliyotiwa saini kuwa sheria mwaka 1976. Mwezi Machi 2025 amri moja ya Rais wa Marekani ilitosha karibu wafanyakazi wake wote wapewe likizo ya lazima.