Bango la kupinga ubaguzi dhidi ya watu wenye ualbino: maandalizi, Mbeya hadi Iringa

1. Kibali. Peleka barua halmashauri. Kama bango litasimama kwenye hifadhi ya barabara ya TANZAM (barabara kuu ya kwenda Zambia), malizana na TANROADS, wakala wa barabara, kabla hujalipia kuchapa.

2. Picha. Mtu mzima, yuko kazini kwake, kivulini. Asaini ridhaa baada ya kuliona bango lililokamilika. Usiandike jina wala kata yake, na ulitundike mbali na anakoishi. Sura za watoto, hapana.

3. Sentensi. Kampeni nyingi hufia hapa, kwa kuanza na uzushi wenyewe: "Si kweli kwamba viungo vyao huleta utajiri." Gari la kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Bango linalosomeka kuanzia mita 60 linampa abiria sekunde 4 tu. "Si kweli" inampita. "Viungo" na "utajiri" anaondoka navyo.

Msiige Brazil. Mwaka 2015 shirika la Criola lilitundika matusi ya kibaguzi ya Facebook karibu na makazi ya walioyaandika, majina na sura zikiwa zimefichwa. Mlengwa alikuwa mwandishi, na alijua maneno ni yake. Kwetu hakuna mlengwa wa namna hiyo, na tusi lingesomwa na mtoto mwenye ualbino akienda shule.

Andika anachofanya mtu: ANASHONA SARE / ZA WATOTO WETU. Kwa mita 60 herufi ziwe na kimo cha sentimita 50, hivyo bango la mita 6 kwa 3 linabeba mistari mitatu ya herufi kama 15. Zaidi ya hapo, punguza maneno, usipunguze herufi.

Kisha jaribu. Chapa mchoro kwenye A4 ya kulala, ubandike ukutani, msomaji asimame mita 3, mwonyeshe sekunde 4, funika, muulize kimesemwa nini. Jaribu kwa makonda na mama lishe. Wenzako wa ofisini wanajua jibu tayari, hawafai. Akitaja uzushi, anza upya.

Somo la urithi (wazazi wote wawili wakibeba kinasaba cha ualbino, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4) lipeleke redioni au kwenye bango dogo la stendi, watu wanakosubiri gari.

4. Kuchapa. Flexi (turubai la plastiki la kuchapia), vitundu vya kamba kila nusu mita. Herufi nyeusi juu ya njano.

5. Mahali. Kwenye mlima wa Kitonga usiweke, hata ukipewa bure: kona zile zinamtaka dereva macho mbele. Tafuta penye matuta. Gari likishuka hadi kilomita 25, sekunde 4 zinakuwa 8.