"Hardly" si bidii: maneno ya Kiingereza ya kujikaza na kufaulu masomoni

Nilikuwa na miaka 19 nilipoandika barua ya kuomba nafasi chuoni. Sentensi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa hii: "I work hardly every day." Nilishafundishwa kwamba ukitaka kueleza jinsi jambo linavyofanyika, unapachika "-ly" mwishoni: quick, quickly, slow, slowly. Kwa hiyo hard, hardly. Siku ya usaili mmoja wa wanajopo aliigeuza barua upande wangu, akaweka kidole juu ya neno lile, akaniuliza kwa upole, "Kijana, kwa hiyo kila siku huwa hufanyi kazi?"

Nikadhani ananipima Kiingereza. Nikajibu kwa sauti ya kujiamini, "Yes, sir. Every day."

"Hardly" maana yake ni "ni kama hakuna" au "kwa shida sana". Bidii hukaa kwenye "hard" bila mkia wowote: "a hard exam" ni mtihani mgumu, "I study hard" ni nasoma kwa bidii. "Hard work" ni bidii yenyewe, na mtu mwenye nayo ni "hard-working". Nafasi sikuipata, ila somo la kwanza ninalofundisha hadi leo lilitoka pale.

Siku hizi nina darasa la jioni, wengi wao wanarudia mtihani. Karibu kila mmoja huja na daftari lenye mstari katikati: kushoto perseverance, kulia uvumilivu, kushoto diligence, kulia bidii, kushoto success, kulia mafanikio. Maneno 40 yameshikwa kikasuku, na hakuna hata moja linaloweza kusimama ndani ya sentensi. Daftari hilo huwa naomba lifungwe tuanze upya, na tunaanza na neno letu wenyewe.

Chukua "kuvumilia". Neno hili kwetu lina mabega mapana. Mgonjwa anavumilia maumivu, jirani anavumilia kelele, aliye kwenye foleni anavumilia mpaka zamu yake ifike, mwanafunzi anavumilia hesabu mpaka imkubali. Kiingereza kimewagawa hao wanne. Wa maumivu "endures". Wa kelele "puts up with" au "tolerates". Wa foleni "is patient". Wa hesabu ndiye peke yake anayestahili "perseveres". Ukitaka kutofautisha hao wawili wa mwisho, tazama mikono: aliye "patient" anasubiri, anayepersevere anafanya, anakosea, anafanya tena.

Kijana mmoja darasani aliwahi kutafsiri "mvumilivu hula mbivu" hivi: "The patient eats ripe." Kwa Mwingereza, "the patient" ni mgonjwa, kwa hiyo picha inayomjia ni ya mtu amelala wodini anakula tunda. Tulicheka wote, naye akiwemo, lakini tangu siku ile hakuna aliyechanganya "patience" na "perseverance" katika darasa lile.

Kuna ndugu mwingine wa karibu, "persist", ambaye ana harufu kidogo ya ukaidi. "He persisted in asking" inaweza kuwa sifa au lawama, inategemea kama waliokuwa wakiulizwa walichoka. Hata kikohozi kisichokoma huitwa "a persistent cough". Ukimsifia mwenzako kwenye insha, "determined" ni salama zaidi: amedhamiria. "Stubborn" mwachie yule asiyesikia la mtu.

Tahajia ya "persevere" inawasumbua wengi, hasa ile "r" ya ziada inayojipenyeza katikati, "perserverance". Dawa yake ni nyepesi: andika "severe", yaani kali, kisha tanguliza "per". Ndivyo neno lilivyozaliwa katika Kilatini, na ndivyo litakavyokaa kichwani. Kwenye kutamka, ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini hapa mkazo unakwenda mwishoni kabisa: pasi-VIA. Na "determined" huishia "mind" fupi, ditamind. Usiseme "maind".

Sasa ukoo wa kufaulu, ambako ndiko makosa yalikojaa. "Success" ni jina la jambo, "succeed" ni tendo, "successful" ni sifa. "I will success" haipo. Sema "I will succeed". Pia "I succeeded to pass" haipo, ingawa Kiswahili kinatusukuma huko kwa sababu sisi husema nilifanikiwa kupita. "Succeed" hutaka "in" na "-ing" nyuma yake: "I succeeded in passing." Ukiona hiyo inakukwama kooni, tumia "manage", ambalo linakubali mpangilio tuliouzoea: "I managed to pass." Mimi mwenyewe kwenye mazungumzo hutumia "manage" mara nyingi zaidi, na hakuna aliyewahi kunikata alama.

Kuhusu herufi: vitenzi vyenye "-ceed" mwishoni ni vitatu tu, succeed, proceed na exceed. Wenzao huandikwa "-cede", kama precede, isipokuwa "supersede" aliyejitenga peke yake na "s" yake. Na usishangae ukisoma kwamba mtu "succeeded her father". Hakumshinda babake, alirithi nafasi yake.

Neno "pass" nalo ni mtego. Kuufanya mtihani ni "take an exam", au "sit an exam" kama wasemavyo Waingereza. Ukisema "I passed the exam" ukiwa umetoka tu chumba cha mtihani, umeshajipa matokeo. Kufeli hakuhitaji "in" hapo: "I failed the exam." Kurudia ni "resit" au "retake". Kudurusu, Mwingereza husema "revise", Mmarekani husema "review". Kwa Mmarekani, "revise" ni kurekebisha ulichoandika. Chagua upande mmoja ubaki nao.

Bidii na malengo vina wenza wao pia, na wenza hao hawabadilishwi ovyo. Effort huwa "make an effort", kamwe si "do an effort", lakini "best" ni "do your best". Goal unaiweka, "set a goal", kisha unaifikia, "reach" au "achieve". Kukata tamaa ni "give up", na kitenzi kinachofuata huvaa "-ing": "I didn't give up trying." Usiichanganye na "give in", ambayo ni kusalimu amri mbele ya mtu au kishawishi.

Je, yote haya yanakaaje kichwani? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, halafu kasi ya kusahau hupungua. Kwa hiyo kukesha na orodha usiku mmoja ni kuchota maji kwa pakacha. Katika miaka ya 1970 mwandishi Sebastian Leitner alieneza utaratibu wa kadi za kujipima, swali mbele na jibu nyuma, ndani ya visanduku. Mimi nimeurahisisha ukawa bahasha tatu. Kadi mpya huingia bahasha ya kwanza, inayofunguliwa kila siku. Ukiipata sawa inahamia ya pili, inayofunguliwa kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena, inakwenda ya tatu, ya mara moja kwa wiki. Ukikosa, popote ilipo, inarudi ya kwanza bila huruma. Kadi mpya zisizidi tano kwa siku.

Lakini kadi yenyewe ndiyo yenye kazi. Usiandike "succeed = fanikiwa", maana hilo ni lile daftari lenye mstari limekatwa vipande. Upande wa mbele andika sentensi ya Kiswahili iliyokutokea wewe: "Nilifanikiwa kumaliza swali la nne." Nyuma: "I succeeded in finishing question four." Iwe kweli. Dada mmoja aliyefeli hesabu mara mbili aliandika "I failed maths twice and I am resitting it", na kadi hiyo ilifika bahasha ya tatu bila kurudi hata mara moja. Yake ya "persevere" ilirudi ya kwanza mara saba. Mara ya saba akaniambia, "Mwalimu, hili neno linanifundisha maana yake kwa vitendo."

Semi zije mwisho, na kwa kipimo. "Burn the midnight oil" ni kukesha ukisoma, "pass with flying colours" ni kufaulu vizuri mno, na "colours" hapo ni bendera za meli. Mimi huruhusu usemi mmoja kwa insha nzima. Ukiweka mitano, msahihishaji anajua umemeza orodha.

Jioni ya leo andika sentensi tano kuhusu masomo yako, moja iwe na "hard". Kisha pitia karatasi ukitafuta "hardly", na ukiikuta uwe na hakika kwamba ulikusudia. Ina mahali pake. "I could hardly sleep the night before the interview" ni sentensi safi kabisa, na kwa upande wangu ilikuwa kweli tupu.