Kausha mafuta kwanza kabla ya kutengeneza biodizeli

Ukitaka kugeuza mafuta ya kupikia yaliyotumika kuwa biodizeli, yaani mafuta ya kuendeshea injini za dizeli, shughulika kwanza na maji. Mafuta yaliyokaangia chakula huwa na unyevu hata yakionekana safi, na maji yakikutana na kostiki soda, kemikali inayosaidia kugeuza mafuta, unaishia kupata sabuni nzito inayogoma kutengana.

Chuja makombo, kisha pasha mafuta taratibu, yapite kidogo nyuzi 100, mpaka yaache kutoa mapovu na kutatarika. Ukiwa na shaka, dondoshea matone machache kwenye kikaango cha moto: yakirukaruka, maji bado yamo. Yaache yapoe hadi nyuzi 55 hivi ndipo utie methanoli (aina ya alkoholi) uliyokwisha kuyeyushia kostiki. Tafadhali usiharakishe hapa. Methanoli huchemka karibu na nyuzi 65, mvuke wake hushika moto upesi, na ni sumu inayoweza kumpofusha mtu. Fanyia kazi nje, vaa miwani na glavu, na moto wowote uwe mbali.

Methanoli ni kama mililita 200 kwa kila lita ya mafuta. Kostiki hutegemea wingi wa asidi, kwa hiyo pima kila shehena upya. Gliserini, kimiminika kizito kinachojitenga na biodizeli, ikishazama itoe, osha biodizeli kwa maji, kisha ikaushe tena.

Kwa injini ya zamani, weka chujio la akiba: biodizeli hubandua uchafu uliogandamana kwenye tangi, na chujio la kwanza huziba mapema. Kagua pia mipira ya mafuta, maana mpira wa asili hulainika na kuvuja.