Kufunga siku ya kazi wakati korosho bado zinakuja

Mimi ni karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho, huku juu Newala, kusini mwa Tanzania. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi, kazi yangu ni kupima, kuandika, kutoa stakabadhi na kujibu swali moja mara mia mbili kwa siku: "Karani, hela zimeingia?" Kuanzia hapo mpaka mwaka mpya hakuna jioni ambayo kazi imekwisha. Magunia ya leo yanafuatwa na ya kesho, mnada ukipita unakuja mwingine. Ukisubiri kazi iishe ndipo upumzike, utapumzika embe zimekwisha mitini. Inabidi uifunge mwenyewe ingali haijaisha, na kufunga kuna namna yake, kama kushona mdomo wa gunia. Uzi ukilegea, korosho zinamwagika njiani.

Nilijifunza kwa aibu. Ilikuwa msimu wa 2018, ule ambao Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba mzigo. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake, magunia yao juu ya baiskeli, safari tatu. Mizani ikasoma kilo 214. Mkono wangu ukaandika 124. Bibi hajui kusoma, akapokea karatasi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mjukuu ndiye aliyerudi jioni na simu mkononi, amepiga hesabu: kilo 90 hazipo, yaani laki tatu kasoro elfu tatu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada karani, labda macho." Tulihesabu upya magunia kabla lori halijaondoka, tukasahihisha, bibi akapata haki yake. Lakini mimi sikulala.

Nilipokaa kujiuliza, nikagundua kwamba wakati nampimia yule bibi nilikuwa nawaza jumla ya jana, iliyokuwa imegoma kulingana. Macho yalikuwa kwenye mizani, kichwa kipo ukurasa wa nyuma. Kwa hiyo tatizo langu halikuwa wingi wa kazi ya siku ile. Siku ya jana sikuifunga, ikaingia kwenye ya leo na kuandika namba.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu hukumbuka zaidi kazi iliyokatizwa kuliko aliyoimaliza. Waliorudia majaribio yake hawakupata majibu yaleyale kila mara, lakini karani yeyote wa korosho atakuambia mama huyo alijua anachosema. Lililonisaidia zaidi ni utafiti wa mwaka 2018 wa Chuo Kikuu cha Baylor, kule Texas. Walichukua vijana 57 wakawalaza maabara. Kabla ya kulala, kundi moja liliandika kwa dakika 5 kazi zinazowasubiri, kundi la pili likaandika kazi walizokwisha kuzifanya. Walioandika zinazowasubiri walipata usingizi mapema kwa kama dakika 9. Na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyosinzia haraka.

Hapo kwenye undani ndipo wengi wetu tunapokosea.

Namna ya kuandika

Nunua daftari dogo, la shilingi mia tano linatosha. Lisiwe daftari la ofisi, na usitumie simu, maana ukiishika simu kuandika utaona ujumbe na siku itafunguka upya. Robo saa kabla ya kuondoka, simamisha kila kitu. Kama kuna mtu dirishani, mwambie ukweli: "Baba, naandika kidogo, nakuja." Kisha andika mistari mitatu: kilichobaki, nitakapoanzia kesho, na nani ananisubiri.

Nionyeshe tofauti. Zamani niliandika hivi: "Malizia hesabu za jana." Hiyo ni kelele tu, unaiandika na inaendelea kulia kichwani, kwa sababu haikuambii ushike nini kwanza. Siku hizi naandika hivi: "Kitabu cha kijani, ukurasa 62. Jumla inagoma kwa kilo 40. Anza stakabadhi 0437 kurudi nyuma. Nikifika 0420 sijaiona, namwita mtu wa ghala tuhesabu magunia." Ukisoma hivyo asubuhi, mkono unajua pa kwenda hata kabla ya chai. Na usiku, ile jumla ikija kugonga kichwani, unaiambia: wewe una ukurasa wako, kalale.

Mstari wa tatu nao usiupuuze, ule wa nani ananisubiri. Mwanzoni niliujaza wakulima na dereva wa lori. Baadaye nikaanza kuwaandika na wa nyumbani, kwa sababu nao wanasubiri, ila hawaji dirishani.

Ukishaandika, fanya kitendo ambacho mwili utakielewa. Mimi naifunika mizani kwa kanga kuukuu, jina lake limefifia limebaki neno "subira" peke yake. Navua koti la vumbi, nanawa mpaka kwenye viwiko (na huku Newala maji si ya kuchezea, basi nanawa kwa kikombe kimoja). Wenzangu walinicheka, wakasema karani anaitandikia mizani kitanda. Sasa kanga ikishatandazwa hata wakulima wanajua. Sijawahi kumfukuza mtu tangu nianze, kanga ndiyo inayosema.

Tembea kabla ya kufika. Kutoka ofisini mpaka kwangu ni dakika 25 kwa miguu, na bodaboda wote wananijua, wananiita. Sipandi. Nikipata nafasi napitia upande wa Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla ukaona bonde la Ruvuma chini, na ng'ambo kule Msumbiji. Simu iko ndani ya mkoba. Kama wewe unaishi jirani na kazi, zunguka hata nyumba sita.

Hodi za usiku

Mijini watu wanalalamikia barua pepe za bosi. Huku kijijini bosi ni kila mtu na anajua nyumba yako. Atakuja saa mbili usiku, mtu mzima, kofia mkononi, na huwezi kumwambia ofisi imefungwa kana kwamba wewe ni benki. Heshima itakwenda, na utakutana naye msibani kesho kutwa.

Mimi nimejifunza kumpokea bila kuifungua kazi. Wiki iliyopita ilikuwa hivi:

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita tu. Ule mnada wa juzi, hela vipi?"

"Babu, kaa kwanza unywe uji. Daftari limelala ofisini, nami nikikujibu bila daftari nitakudanganya. Kesho saa moja na nusu njoo, utakuwa wa kwanza, kabla sijapima gunia lolote."

Akanywa uji, tukazungumza mvua, akaenda. Angalia nilichofanya. Nimempa saa, nimempa nafasi ya kwanza, na nimempa sababu ambayo ni kweli. Ukisema "kesho" tupu, atarudi usiku huohuo na mwenzake. Na ukitoa ahadi ya saa moja na nusu, basi saa moja na nusu uwepo. Ukikosa mara moja tu, dawa hii haitafanya kazi tena.

Simu nazo. Nusu ya waliokuwa wananipigia walitaka bei ya mnada tu. Tukaning'iniza ubao nje, tunaandika kwa chaki bei ya juu, bei ya chini na tarehe ya mnada ujao. Simu zikapungua siku hiyohiyo. Kabla hujajilaumu kwamba hujui kusema hapana, tazama kwanza swali linalokusumbua zaidi, huenda linaweza kujibiwa na ubao.

Kuzungumza na mkubwa wako

Kuna uchovu ambao daftari haliuwezi, kwa sababu saa zenyewe zimezidi. Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu wa kazi kwenye orodha yake ya magonjwa na hali nyingine za afya mwaka 2019, si kama ugonjwa bali kama hali itokanayo na kazi, na alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yako, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Mimi alama yangu ni ya pili. Nikianza kumwita mkulima "huyu naye" moyoni, najua nimefika.

Ujue sheria kabla ya kuongea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, kwa siku 6. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza leo na kuanza kesho ziwepo saa 12, na kila wiki upate saa 24 za kupumzika.

Lakini usiingie ofisini kwa meneja na kifungu cha sheria mdomoni kama mgambo. Mimi niliingia na karatasi. Siku 14 niliandika saa niliyoingia, saa niliyotoka, na kila kosa nililolisahihisha niliweka nukta nyekundu pale kwenye saa yake. Nukta zilikuwa 11, na 8 kati yake zilikuwa baada ya saa kumi na mbili jioni. Sikusema nimechoka. Nilimwambia, "Mzee, angalia makosa yanaanguka wapi." Alikaa kimya, akauliza kama naweza kumwachia ile karatasi. Msimu uliofuata tukawa tunafunga kupokea mzigo saa kumi jioni, anayefika baadaye anapewa namba na magunia yanalala ghalani mpaka asubuhi. Siku ya lori utaratibu huu unavunjika, nisiseme uongo. Lori halijui saa kumi.

Mambo mawili kwa haraka. Uraka, ile pombe ya mabibo, haupumzishi mtu. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, ni matamu, na vikombe viwili vya jioni vinachekesha, ila usingizi wake unakatika saa tisa usiku na ile jumla iliyogoma unaikuta macho. La pili ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa: mwenye marejesho ya kila siku hawezi kufunga siku yake, hata awe na madaftari kumi. Ukiwa nayo, anza na hiyo, mengine haya yatakungoja.

Msimu ukishapita

Kujiendeleza kikazi watu hukuambia ufanye msimu wote. Hapana. Mwezi wa kumi na moja usijifunze chochote, pima korosho. Subiri mwezi wa pili, mvua zinanyesha na ofisi iko kimya, kisha chukua lile daftari la mia tano ulisome tangu mwanzo. Tafuta mstari unaojirudia. Huo ndio wa kujifunza.

Mwaka wa kwanza kwangu maneno "jumla inagoma" yalitokea mara 19. Nikamfuata kijana wa stesheneri, nikampa elfu mbili kwa kila kipindi, anifundishe kupanga hesabu kwenye kompyuta ili jumla ijipige yenyewe. Vipindi sita. Alikuwa mkali, mtoto yule, kila nikisaka herufi kwa kidole kimoja anaguna. Ila jumla haijagoma tena zaidi ya mara mbili kwa msimu, na hizo mbili kosa lilikuwa kwenye kushona magunia, si kwenye hesabu.

Mwaka huu nimelisoma daftari nikakuta linalojirudia liko kwenye mstari wa tatu. "Mama, macho, kumpeleka." Nimeliandika mara 11, na mara zote 11 nimelihamishia kesho yake. Nimeomba ruhusa ya Alhamisi, na mama nimeshamwambia aandae kadi yake.