Njia za kikatio kwa kipande chenye nyuso zilizopinda: kuzitengeneza na kuzikagua kabla ya chuma kuguswa

Simulesheni, yaani jaribio la kuchonga linalofanyika kwenye kompyuta, haijui karakana yako. Inajua ulichoiambia tu. Ukiiambia kuwa kishikio cha kikatio kina kipenyo cha milimita 25, na kilichofungwa kwenye spindeli (sehemu ya mashine inayozungusha kikatio) ni cha milimita 32, itakuchorea kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha mashine itakuonyesha nyekundu. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitenganishi kutengeneza na kukagua. Kila uamuzi unaoufanya kwenye CAM (programu ya kompyuta inayotengeneza njia za kikatio) ni kitu ambacho baadaye utakikagua, na ukikosea kuueleza, ukaguzi wako nao utakuwa umekosea.

Tutafuata kipande kimoja: nusu ya kalibu iliyochongwa kwenye bonge la aluminiamu 6061 lenye milimita 120 × 80 × 45. Shimo lake lina kina cha milimita 32 hadi chini kabisa, kuta zimelala nyuzi 3 kutoka wima, sakafu imepinda kama ganda la yai, na kona ambapo sakafu inakutana na ukuta ina nusu kipenyo cha milimita 4. Katikati ya sakafu kuna mfereji ambao kona zake zina nusu kipenyo cha milimita 2.5. Mashine ni ya mihimili mitatu (X na Y za mlalo, Z ya wima), na spindeli yake haivuki mizunguko 10,000 kwa dakika.

Hatua ya 1: Kihoji kipande kwanza

Kabla ya kuchagua mbinu yoyote, pima vitu vitatu kwenye modeli: nusu kipenyo kidogo kuliko vyote vya kona za ndani, sehemu yenye kina kirefu zaidi, na mahali ambapo mteremko unabadilika kutoka mlalo kwenda mkali. Majibu hayo ndiyo yatakayochagua vikatio. Nusu yake tayari unayo hapa: kona ya 4 na kona ya 2.5.

Usichukue kikatio ambacho nusu kipenyo chake kinalingana na kona. Kikatio cha tufe, yaani chenye ncha ya mviringo, chenye nusu kipenyo cha 4 kikiingia kwenye kona ya 4, kinagusa chuma upande mzima kwa mara moja, kinatetema, na alama za mtetemo zinabaki hapo hapo ambapo jicho la mteja litaanzia. Kona ya 4 ipe tufe la kipenyo cha milimita 6, yaani nusu kipenyo 3. Kona ya 2.5 ipe tufe la kipenyo cha milimita 4. Kikatio kipate nafasi ya kugeuka.

Hatua ya 2: Iambie kompyuta ukweli wote

Chora bonge kwa vipimo vya bonge lililoko mezani. Oda inaweza kusema 45 na msumeno ukaacha 46.3, na hiyo milimita moja na ushee ndiyo itakayokutana na kikatio kwenye pito la kwanza. Weka jiliwa. Weka meno ya jiliwa na vipande vya kunyanyulia. Weka kishikio chenyewe kwa vipimo vyake halisi, pamoja na nati yake. Weka urefu ambao kikatio kinatokeza nje ya kishikio.

Nilishawahi kuharibu kalibu karibu na mwisho wa kazi kwa sababu hiyo ya mwisho. Kwenye CAM nilikuwa nimeandika kuwa kikatio kinatokeza milimita 40. Mezani nilikifunga kikatokeza 34, kwa kuwa nilijua kikatio kifupi hukata vizuri zaidi, na sikurudi kompyutani kubadilisha namba. Nati ya kishikio ikasugua ukingo wa shimo pande zote nne. Simulesheni ilikuwa safi kabisa, na haikuwa imesema uongo.

Hata hivyo, wazo la kufupisha lilikuwa sahihi. Kupinda kwa kikatio huongezeka kwa mchemraba wa urefu wake: ukitoka milimita 48 ukarudi 36, kinapinda mara 2.4 pungufu kwa nguvu ile ile. Ndiyo maana inafaa kutafuta urefu mfupi unaoruhusiwa na shimo, kisha namba hiyo iwe moja tu, kwenye kompyuta na mezani.

Sifuri ya kazi, yaani mahali ambapo vipimo vyote huanza kuhesabiwa, iwe mahali unapoweza kupagusa. Mimi hupendelea kona ya taya isiyosogea ya jiliwa kwa X na Y, na chini ya bonge kwa Z, kwa sababu juu ya bonge kutachongwa na chini hakutabadilika.

Hatua ya 3: Ondoa chuma kingi

Hapa tumia kikatio cha ncha bapa cha kabaidi, kipenyo milimita 10, meno 3. Kwa kasi ya kukata ya mita 300 kwa dakika, fomula ni 1000 × 300 ÷ (3.14 × 10), na jibu ni karibu mizunguko 9,500. Ukiweka milimita 0.06 kwa kila jino, mwendo unakuwa 9,500 × 3 × 0.06, yaani milimita 1,710 kwa dakika.

Ila mwendo huo ni wa kikatio kinachokula nusu ya kipenyo chake au zaidi. Mbinu za kisasa za kuondoa chuma hukifanya kikatio kile kidogo pembeni na kingi kwa kina, mzigo ukiwa ule ule njia nzima. Kikila milimita 1 tu pembeni, sawa na asilimia 10 ya kipenyo, unene halisi wa maranda unashuka hadi asilimia 60 ya ulichoandika. Maranda membamba kupita kiasi ni msuguano, na msuguano ni joto. Kwa hiyo pandisha hadi 0.1 kwa jino, na mwendo unafika milimita 2,850 kwa dakika. Anayeona namba hiyo mara ya kwanza huogopa, lakini kikatio kinakuwa salama zaidi kuliko kikisukumwa polepole kwenye kona.

Kina cha kila pito kiwe milimita 16, mapito mawili. Kuingia kwenye shimo kusiwe kwa kutumbukia wima. Kikatio kishuke kwa mzunguko kama parafujo. Baada ya kila kina kikubwa, iambie programu ipande tena kwa ngazi ndogo za milimita 1.5, la sivyo sakafu iliyopinda itabaki na ngazi nene za kutisha. Acha milimita 0.5 kila mahali.

Hatua ya 4: Sawazisha ulichoacha

Wengi huiruka hatua hii, halafu hulaumu kikatio. Baada ya hatua ya 3 uso uliopinda una ngazi: mahali pengine 0.5, pengine karibu 2. Kikatio cha kumalizia kikipita hapo, mzigo unapanda na kushuka, kinapinda na kunyooka, na ngazi zile zinajichora upya kwenye uso wa mwisho. Pita na tufe la milimita 6, acha 0.15 sawasawa kote. Kwenye mfereji pita na tufe la 4, ukiiagiza programu ishughulike na chuma kilichosalia tu.

Hatua ya 5: Malizia, na kuwa makini na mteremko

Tufe likipita huacha matuta kama ya shamba. Kimo cha tuta unaweza kukikadiria kwa kichwa: chukua nafasi kati ya pito na pito, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa nusu kipenyo mara 8. Kwa tufe letu la nusu kipenyo 3 na nafasi ya 0.3, ni 0.09 ÷ 24, karibu milimita 0.004. Safi kwa kalibu itakayong'arishwa kidogo kwa mkono.

Sasa tega sikio. Fomula hiyo inahesabu nafasi inayopimwa juu ya uso wenyewe. Ukichonga kwa mapito ya usawa, yale yanayoshuka 0.3 baada ya kila mzunguko kama alama za maji kwenye ukuta wa kisima, kwenye ukuta mkali mambo ni mazuri. Yakifika kwenye sakafu yenye mteremko wa nyuzi 10, nafasi juu ya uso inakuwa 0.3 ÷ sine ya 10, yaani milimita 1.73, na tuta linapanda hadi 0.125. Hilo unalihisi kwa ukucha. Mapito sambamba yana kasoro ile ile kwa upande wa pili: yanapendeza sakafuni, na kwenye mteremko wa nyuzi 80 unapata 1.73 ile ile.

Dawa ni kugawa kipande kwenye nyuzi 45. Kila uso ulio mkali kuliko hapo upewe mapito ya usawa. Ulio mlalo zaidi upewe mapito sambamba au yale yanayofuata umbo kwa nafasi isiyobadilika. Pale mpakani kwenyewe tuta halizidi 0.0075. Ruhusu maeneo hayo mawili yapandane kwa nyuzi 2 hivi, ili mpaka usijichore.

Jambo jingine la tufe: ncha yake katikati haikati, kwa sababu pale kasi ni sifuri. Ukila 0.15 kwenye sehemu bapa kwa tufe la 6, kipenyo kinachofanya kazi kweli ni milimita 1.87 tu. Kwa mizunguko 9,500 hiyo ni mita 56 kwa dakika, badala ya 179 uliyodhani unayo. Panda hadi mizunguko 10,000, na kama kipande kina eneo bapa kabisa, limalizie kwa kikatio cha ncha bapa chenye kona za mviringo.

Toleransi ya hesabu, yaani kiasi ambacho njia inaruhusiwa kuachana na umbo la modeli, kwenye kumalizia iweke 0.005. Ukiweka 0.001 ukidhani unapata ubora, unaongeza mistari ya msimbo (maagizo ambayo mashine huyasoma) zaidi ya maradufu. Kwenye mpindo wa nusu kipenyo cha milimita 20, 0.005 inatoa vipande vya njia vya karibu milimita 0.9, 0.001 inatoa vya 0.4. Kwa mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika, hiyo ni mistari 83 kila sekunde, na kidhibiti (kompyuta ya mashine) cha zamani kitaanza kusitasita, kila kusita kukiacha doa. Washa pia mfumo wa kidhibiti wa kutazama mistari ya mbele: G05.1 Q1 kwenye vidhibiti vingi vya Fanuc, CYCLE832 kwenye vya Siemens.

Hatua ya 6: Simulesheni, ukiiuliza maswali

Usikae kutazama filamu. Iendeshe ukiwa na maswali. Je, kishikio kiko umbali gani na ukuta pale kina kinapozidi? Weka nafasi ya usalama ya milimita 1, programu ipige kelele ikipungua. Je, kuna mwendo wa haraka unaopita ndani ya chuma ambacho hakijatolewa? Kisha linganisha kipande kilichochongwa na modeli kwa rangi: paliposalia chuma na palipokatwa kupita kiasi. Chuma kilichosalia kwenye kona kinaweza kurekebishwa. Palipokatwa kupita kiasi, hata kwa 0.02, simamisha kila kitu utafute sababu.

Hatua ya 7: Soma msimbo wenyewe

Simulesheni nyingi za CAM hukagua njia kabla ya posti prosesa kuigeuza kuwa msimbo, na kosa linaweza kuzaliwa baada ya hapo. Mashine ya kwanza ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba, iliyoonyeshwa MIT nchini Marekani mwaka 1952, ilisoma utepe wa karatasi uliotobolewa. Wewe una faili linalosomeka, lisome.

Angalia mistari ya mwanzo: G21 kwa milimita, G90 kwa vipimo vinavyohesabiwa kutoka sifuri, G40 ya kufuta fidia ya kikatio, G80 ya kufuta mizunguko ya kutoboa, G54 ya sifuri ya kazi. Angalia kila T (namba ya kikatio) ina H (urefu wake) inayolingana nayo. Tafuta Z ya chini kuliko zote: bonge letu ni 45, shimo ni 32, sifuri iko chini, basi hakuna Z inayopaswa kushuka chini ya 13. Ukikuta 12.4, umeokoa kazi. Namba ziwe na nukta, kwani baadhi ya vidhibiti husoma X10 kama mikroni 10.

Halafu tafuta kila mstari wa G0 (mwendo wa haraka) wenye X, Y na Z kwa pamoja. Kwenye mashine nyingi G0 haiendi moja kwa moja. Kila mhimili hukimbia kwa kasi yake, na njia inavunjika kama goti la mbwa. Kwenye kioo cha kompyuta mstari unapita juu ya jiliwa, mezani kikatio kinaigonga. Ipange posti prosesa ipandishe Z kwanza, peke yake.

Hatua ya 8: Mashineni

Inua sifuri ya Z kwa milimita 50, punguza mwendo wa haraka hadi asilimia 25 au chini yake, na uendeshe mstari mmoja mmoja hewani hadi kila kikatio kimeshuka mara moja. Jicho moja likae kwenye umbali uliobaki unaoonyeshwa na kioo cha mashine. Kikatio kikishuka kuelekea uso wa juu wa bonge, kikiwa wazi milimita 60 juu yake na kioo kinasema bado 10, hesabu ni sahihi: 50 ulizoinua na 10 zilizobaki. Kinyume cha hapo, bonyeza kusimamisha, usisubiri kuona. Kisha rudisha Z mahali pake, na uandike kwenye karatasi kuwa umeirudisha.

Endesha hatua ya 3 na ya 4 kwenye chuma, halafu simama. Safisha shimo, pima ukiwa bado umelifunga kwenye jiliwa: kina, na upana wa kuta sehemu mbili. Kila mahali unatarajia 0.15 iliyosalia. Ukikuta 0.11 sakafuni na 0.15 kwenye kuta, tatizo ni urefu wa kikatio, kipime upya. Ukikuta 0.15 sakafuni na 0.19 kwenye kuta zote mbili, kikatio kimepinda au kimelika, na cha kumalizia kinahitaji kuwa kipya. Ukuta mmoja 0.19 na wa pili 0.11, sifuri yako ya X au Y imehama kwa 0.04. Rekebisha, ndipo ubonyeze kuanza kumalizia.