Jinsi ya Kuhakikisha Rilei ya Kidijitali Itatrip Breka Siku ya Hitilafu

Rilei ya kidijitali, yaani kifaa kinachopima mkondo na kuiamuru breka ikate umeme (itrip) penye hitilafu, inayolinda laini ya 11 kV kwenye kiwanda cha Baba Dogo au Industrial Area, Nairobi, hujikagua mchana na usiku: prosesa, kumbukumbu, volti za ndani, na saketi inayogeuza mkondo kuwa tarakimu. Ikiona kasoro kubwa hujifungia isitrip ovyo. Lakini ukaguzi huo unaishia kwenye terminali zilizo nyuma yake. Koili ya kutrip (sumaku-umeme inayofungua breka), betri, nyaya za CT (transfoma inayopunguza mkondo ili rilei iupime) na breka yenyewe viko nje, na hitilafu ya huko inaweza kukaa miezi huku taa ya kijani ikiwaka.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inayofikia volti hizo. Mitambo yenye sili ya Kenya Power isiguswe.

Anza na kontakti ya uhai, swichi ndogo ya rilei inayoonyesha kama iko hai. Kwenye mchoro utaikuta imeandikwa "Watchdog", "Life" au "IRF", kutegemea kampuni iliyounda rilei. Kuiacha bila waya ni hasara kubwa, kwa sababu rilei iliyokufa haipigi kelele. Tumia upande unaofunga rilei inapokufa au inapokosa umeme, uupeleke kwenye kengele yenye umeme wake tofauti. La sivyo betri ikifa, vyote viwili vitanyamaza pamoja. Kengele ilie mahali penye mtu usiku, kama kibanda cha mlinzi getini, na namba ya fundi ibandikwe hapo. Kuijaribu, zima laini, toa fyuzi ya rilei, usikilize.

Saketi ya kutrip ndiyo inayotaka umakini zaidi. Washa ulinzi wa 74TC, yaani uangalizi wa saketi ya kutrip: hupitisha miliampia chache kwenye koili, zisizotosha kuivuta. Waya ukikatika au koili ikiungua, mkondo huo hupotea na onyo hutoka. Tatizo ni kwamba njia hiyo hupitia kontakti saidizi, swichi ndogo ndani ya breka, inayofunguka breka ikizimwa, kwa hiyo mafundi wengi huzuia onyo wakati huo. Matokeo yake, koili iliyoungua breka ilipotrip haijulikani hadi laini imeshawashwa tena bila ulinzi. Ongeza njia ya pili kupitia kontakti ya kinyume (inayofunga breka ikizimwa), pamoja na rezista, ili koili iangaliwe breka ikiwa imewashwa au imezimwa. Chelewesha onyo kwa sekunde 2 hivi, maana rilei inapotrip huipiga shoti njia hiyo kwa muda.

Koili huungua mara nyingi kwa sababu ya grisi iliyokauka. Breka inasita, na koili iliyoundwa kubeba mkondo kwa sehemu ya sekunde inaendelea kuubeba. Kontakti ya rilei ikilazimika kuukata mkondo huo wa DC, inaweza kuganda. Ukibadilisha koili bila kusafisha mitambo na kuipaka grisi mpya, utaibadilisha tena.

Kwa CT, linganisha ampia za kwenye skrini na klampu mita. CT ya 200/1 yenye mzigo wa 80 A hutoa 0.4 A. Skrini ikionyesha sifuri kwenye fezi zote tatu huku mashine zinanguruma, tazama viungo vya shoti (vipande vinavyounganisha nyaya za CT pamoja) kwenye terminali: huenda viliachwa vimefungwa baada ya jaribio. Kwa rilei, hiyo ni laini isiyo na mzigo tu, wala haioni kosa. Usifungue kamwe saketi ya CT yenye mzigo. Volti zake zinaua. Ipige shoti kwanza.

Betri ya 110 V ijaribiwe chaja ikiwa imezimwa: pima volti wakati breka inatrip. Koili ya breka hutakiwa kufanya kazi hata volti ikishuka hadi asilimia 70, yaani 77 V. Betri inayokaribia hapo kwa breka moja tu, ibadilishe.

Mara moja kwa mwaka ingiza mkondo wa majaribio na uache rilei iitrip breka yenyewe. Kwa mkunjo wa kawaida wa IEC (standard inverse: mkondo ukiwa mkubwa, muda huwa mfupi) na TMS, yaani kizidishi cha muda, ya 0.1, mkondo wa mara 2 ya mpangilio itrip kwa sekunde 1.0, mara 10 kwa sekunde 0.3. Usifanye hivi kila mwezi. Kila ukifungua terminali kuna nafasi ya kusahau kiungo.

Rilei ikitoa onyo la kasoro ya ndani, andika namba ya kosa kabla ya kuizima, kwani baadhi ya rilei huipoteza zikizimwa. Hata ikiwaka vizuri baadaye, agiza rilei mpya ya kuibadilisha na uhifadhi faili ya mipangilio nje ya rilei.