Uko Marekani na hujui mtu mtaani? Jaribu ligi ya boche

Mtu anaweza kumaliza mwaka mzima Marekani bila kujua jina la jirani wa mlango wa pili. Kanisa lipo, msikiti upo, na Watanzania au Wakenya wenzako mnaonana kwenye misiba na harusi, tena baada ya kuendesha gari saa nzima. Ila pale unapolala, nani anakujua? Kama mji wako una historia ya Waitaliano, nakushauri uanzie kiwanja cha boche, mchezo wa kurusha matufe. Mtandaoni utafute kwa tahajia yake, bocce, ukiongeza jina la mji.

Mchezo uliletwa na wahamiaji wa Kiitaliano, na haudai mbio wala misuli. Kuna timu mbili, kila moja ina matufe manne. Kwanza inarushwa palino, yaani tufe dogo la shabaha, kisha kila upande unajitahidi kuyaweka matufe yake karibu nayo. Tufe la ligi lina kipenyo cha milimita 107 hivi na uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo anayeanza hulibingirisha polepole, halivurumishi kama anaangua maembe. Timu ambayo tufe lake bora liko mbali zaidi na palino ndiyo inayoendelea kurusha mpaka ipate lililo karibu kuliko la wenzake au iishiwe matufe. Matufe yote yakishachezwa, upande mmoja tu unapata pointi: kama mawili yenu yako karibu kuliko la kwao lililo bora, mmepata mbili, wao hawana kitu. Gemu mara nyingi huishia pointi 12, ingawa kila ligi ina utaratibu wake.

Uzuri wake kwa mgeni ni huu: ukisharusha, unasimama pembeni unasubiri, na kusubiri huko ni mazungumzo. Hapo ndipo utasikia nani anapangisha chumba, fundi gani wa magari hamuibii mtu, na shule ipi ya jirani ina nafasi. Mpira wa miguu haukupi nafasi hiyo.

Viwanja vya wazi vipo Langone Park, kitongoji cha North End, Boston. San Francisco viko North Beach. St. Louis nenda mtaa wa The Hill. Martinez, California, mji mdogo kando ya maji, una viwanja vingi pamoja na ligi kubwa. Viwanja vingi vya California humwagiwa maganda ya chaza yaliyosagwa, basi mtu wa Lamu au Mtwara ataona maganda ya kwao yamepewa kazi ya heshima.

Usajili wa timu kwa kawaida hufunguliwa kabla baridi haijaisha, na anayegonga mlango mwezi wa Juni huambiwa nafasi zimejaa. Usikate tamaa. Omba kuandikwa kwenye orodha ya wachezaji wa akiba. Kila wiki kuna kapteni aliyeachwa pungufu na mtu mwenye mafua, na kwa sisi wa zamu za usiku nafasi hiyo ni bora kuliko timu kamili, maana unakuja siku unayoweza. Pia usisubiri grupu la WhatsApp. Habari za ligi hupita kwenye barua pepe ya kapteni, meseji za kawaida na ubao uliopigiliwa kwenye uzio. Mvua ikitishia, taarifa ya kuahirisha inaweza kuja jioni ileile, kwa hiyo angalia simu kabla ya kupanda basi.

Matufe usinunue mwanzoni. Uliza kwanza, maana ligi nyingi zinayo. Vaa raba zenye soli bapa. Mwenzako akiwa anarusha, usivuke kiwanja wala usisimame nyuma ya palino. Na tafadhali, usiguse tufe lolote mpaka makapteni wakubaliane. Matufe mawili yakionekana sawa, mmoja anapiga goti na futi ya fundi, anaivuta kutoka kwenye palino bila kuitikisa, na wanaume wazima wanainama kukodolea milimita tatu. Aliyeokota tufe lake mapema hapo amejitafutia lawama. Gemu ikiisha, peaneni mikono na kila mmoja wa upande wa pili.

Mezani kutakuwa na mvinyo na soseji zilizokatwa vipande vyembamba. Nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize mapema, hakuna atakayenuna. Wewe peleka sambusa. Zikishaisha watakukumbuka kwa jina.

Walio Ufaransa au Ubelgiji watakuta petanki, yenye matufe madogo ya chuma na gemu ya pointi 13. Madagaska imeshatwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo, basi usishangae ukikuta Mmalagasi ndiye anayewafundisha wenyeji. Mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili aulizie Special Olympics, ambako boche huchezwa pia na timu zinazochanganya wachezaji wenye ulemavu na wasio nao.

Msimu ukielekea ukingoni kuna chakula cha kufunga ligi. Hata kama timu yenu imeshika mkia, nenda, kwa sababu timu za mwakani zinaanza kupangwa pale pale mezani, na mtu hupanga na anayemwona.